Adapta inajizima na kuwaka yenyewe, na saplai inasoma volti 24 safi kabisa

fundi_zamu
Wakuu naombeni msaada, hii kitu inanitoa jasho wiki ya pili sasa. Nina adapta ya Modbus TCP (lugha ya vifaa vya kiwandani kuongea kwa mtandao) kwenye kiboksi cha mwisho wa laini, inapata volti 24 DC toka paneli kuu, umbali kama mita 40 hivi. Inapiga kazi poa halafu ghafla PLC (kompyuta inayoendesha mashine) inasema haiioni, sekunde chache inarudi kama hakuna kilichotokea. Nimebadilisha kebo ya mtandao, nikabadilisha swichi, nikabadilisha hata adapta yenyewe, wapi. Saplai nimepima paneli inasoma 24.1 kwahiyo umeme hauna shida. Au ni mambo ya timeout, yaani PLC inachoka kusubiri jibu?

waya_mwekundu
Hapo kwenye "umeme hauna shida" ndo umepotea mkuu. Umepima paneli, adapta iko mita 40 mbele. Peleka mita kwenye terminali za adapta, weka ishike volti ya chini kabisa, acha mashine ifanye kazi, maana ukiitazama tu kwa macho volti ikizama kidogo hutaiona. Halafu ikikatika taa ya pawa nayo inazima au ya mtandao peke yake?

fundi_zamu
Zote zinazima, ya pawa inarudi kwanza.

mzee_wa_relei
Basi timeout achana nayo, hiyo adapta inakosa chakula. Kwenye hicho kiboksi kuna nini kingine kinakula hiyo hiyo 24?

fundi_zamu
Valvu sita za hewa mzee, wati 10 kila moja. Kebo ni moja tu, 0.75 mm², vyote vinapita humo.

mzee_wa_relei
Ndo hiyo. Waya wa shaba wa 0.75 una kama omu 0.023 kwa mita, na umeme unaenda na kurudi kwahiyo hesabu mita 80, karibu omu 1.9. Valvu sita zikivuta pamoja ni ampea 2.5, weka na adapta yenyewe, unapoteza karibu volti 5 njiani kabla hata hujagusa terminali iliyolegea. Watu wanasahau waya wa kurudi kila siku.

chapchap
si upandishe tu saplai kwa kale kaskrubu mpaka 27 maisha yaendelee

waya_mwekundu
@chapchap vifaa vingi vya hivi vinavumilia 20.4 mpaka 28.8 kwahiyo 27 haitaunguza, ila volti itaendelea kuruka juu chini kila valvu zikipiga, na siku ukiongeza valvu ya saba unarudi hapa hapa kuuliza. Vuta waya mbili za adapta peke yake, 24 yake na 0V yake (waya wa kurudi), usiunge hiyo 0V kule kiboksini na ya valvu.

fundi_zamu
Mrejesho wakuu. Mita imeshika 18.7 valvu zote zikipiga pamoja, na paneli muda huo huo 24.0, nilibaki nacheka mwenyewe. Nimevuta waya mpya za 1.5 kwa adapta peke yake, sasa haishuki chini ya 23.9 na zamu mbili zimepita bila kukatika. Ila wakati natoa zile za zamani nimekuta koili za valvu hazina daiodi hata moja ya kumeza mruko wa volti koili ikizimwa

mzee_wa_relei
Ziweke, na angalia upande wa mstari mweupe wa daiodi usije ukaigeuza ukapiga shoti saplai.