Tupeane uzoefu: mliovua trauti wa maji baridi na wa maji chumvi, ni samaki mmoja kweli?

Mwana wa Chai
Kamwene wakuu. Nimekulia Mufindi, kwenye mashamba ya chai. Jumapili baada ya misa mzee wangu alikuwa ananibeba kwenye baiskeli mpaka bwawani kuvua trauti, yule wanayemwita wa upinde wa mvua. Ukungu umelala juu ya maji, vidole vinakufa ganzi. Alinifundisha mambo mawili tu: usikanyage ukingo kwa kishindo, na kivuli chako kisiguse maji. Samaki wa nusu kilo, mgongo wa kijani, madoa meusi, mstari wa waridi ubavuni, alitosha kuifanya nyumba yetu iwe na sherehe.

Miaka yote nimemjua trauti kuwa ni wa milimani. Karibuni nikaambiwa kwao alikotoka, kwenye mito ya magharibi ya Marekani inayomwaga Pasifiki, wapo wanaobaki mtoni maisha yao yote, na wapo wanaoshuka baharini, wanakula huko miaka miwili au mitatu, kisha wanarudi kutaga wakiwa weupe kama fedha. Huko wanamwita steelhead. Aina ni ile ile, hata mama anaweza kuwa mmoja.

Naomba mliowavua kote mnisimulie mlichokiona kwa macho yenu.

Kihesa Ughaibuni
Mkuu, hapa umenigusa. Mimi wa Iringa mjini, ila likizo zote nilikuwa kwa mjomba Mufindi, kwa hiyo hilo baridi la vidole nalijua. Baadaye nilisoma Denmark nikaishi kisiwa cha Fyn. Kule watu wanavua trauti baharini, wamesimama kwenye maji ya mapaja, miezi ya baridi kali. Nikanunua kibali, nikaingia na akili ya Mufindi.

Sikupata kitu miezi minne.

Kosa langu lilikuwa kusubiri. Mtoni trauti ana kwake. Ukimjua jiwe lake, mkondo unamletea chakula na wewe unamletea ndoano. Baharini hana kwake, anapita tu. Mzee mmoja wa pale aliona ninavyoganda sehemu moja akaniambia nitembee: rusha, sogea hatua tatu, rusha tena. Tafuta palipo na mabaka, mchanga kidogo, majani kidogo, mawe kidogo, maana hapo ndipo kamba na visamaki wanajificha. Zile ndoano za mjomba zilizofungwa manyoya mfano wa inzi niliziweka pembeni kwa sababu upepo wa bahari unazirudisha usoni. Nikatumia kisamaki cha bati cha gramu 20 kinachofika mbali.

Wengi wanaovuliwa pale ni trauti wa kahawia wa kwao, aina nyingine na wetu, wanaozaliwa mitoni na kushukia baharini. Chini ya sentimita 40 unamrudisha. Lakini asubuhi moja ya Machi mshipi ulikatika mkononi, nikafunga mwingine, na mrusho wa pili akashika samaki ambaye sikuwahi kuhisi mfano wake. Trauti wa bwawani anachukua chambo kwa adabu, anatikisa kichwa. Huyu alipiga na kukimbia moja kwa moja kuelekea kina kirefu, rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, ikalia, akaruka mara tatu. Nilipomtoa alikuwa na kama kilo mbili na nusu, mweupe kabisa, mapezi yamelika nchani. Nikamgeuza kwenye mwanga, nikauona ule mstari wa waridi, hafifu. Alikuwa yule yule wa Mufindi! Yule mzee akanieleza kwamba wanafugwa baharini kwenye vizimba vya nyavu, wengine wanatoroka, na mapezi yaliyolika ndiyo alama yao. Nilisimama majini nikamkumbuka mjomba mpaka nikashindwa kurusha tena.

Nyama yake ilikuwa nyekundu kuliko ya nyumbani. Na jambo ambalo hakuna aliyeniambia: chumvi inakula vifaa. Rili yangu ya kwanza ilikwama ndani ya msimu mmoja. Kila ukirudi, vioshe kwa maji yasiyo na chumvi kabla hujaosha hata mikono.

Mama Vifaranga
Nimefanya kazi ya vifaranga vya samaki huku Nyanda za Juu, niongeze kidogo. Samaki akiwa maji baridi, maji yanamwingia mwilini bila kukoma, kwa hiyo hanywi, anakojoa sana, na matamvua anayopumulia yanavuta chumvi ndani. Akiingia baharini kazi inageuka: bahari inamnyonya maji, inabidi anywe, na matamvua yale yale yanatoa chumvi nje. Anayejiandaa kushuka anaanza kubadilika akiwa bado mtoni, anaanza kung'aa kama fedha. Ukimtupa kwenye chumvi kali kabla ya wakati wake anakufa.

Mwana wa Chai
Ahsante dada. Sasa mbona wa kwetu hawashuki? Mito ya Mufindi inaenda Kilombero, halafu Rufiji, halafu bahari.

Mama Vifaranga
Joto, kaka. Trauti yuko sawa maji yakiwa nyuzi 10 mpaka 18. Yakifika 25 yuko hatarini. Akishuka milima tu Kilombero inammaliza, na hata angefika pwani, bahari yetu ni ya nyuzi 25 hadi 30. Huku juu ndiko kifungo chake na ndiko uzima wake. Ndiyo maana naumia ninapoona miti ya kandokando ya vijito inakatwa. Kijito kikipigwa na jua kutwa nzima, trauti hana pa kukimbilia.

Mzee wa Rekodi
Msidhani wa baharini lazima awe mkubwa. Trauti wa rekodi aliyevuliwa Alaska mwaka 1970 alikuwa wa maji chumvi, kilo 19. Mwaka 2009 akavuliwa mwingine ziwani Kanada, zaidi ya kilo 21. Ila huyo wa Kanada anaaminika alitoroka kwenye ufugaji, wale wanaofanywa tasa ili wakue zaidi, kwa hiyo si bahari peke yake inayokuza.

Kyela Kwetu
Ugonile. Mimi sijaiona bahari ya trauti, ila sisi Kyela tuna habari inayofanana. Mto Kiwira juu kule Rungwe ni wa baridi, nimeshika trauti huko nikiwa na shemeji. Ukishuka, ukapita Daraja la Mungu, lile daraja la mwamba la asili, ukafika kwetu tambarare, mto ule ule unaingia Ziwa Nyasa, na hapo mwenyeji ni mbasa. Mbasa anakulia ziwani, mvua zikikolea anapanda mto kutaga. Kwake ziwa ndiyo bahari.

Nimemvua kote. Ziwani nilikuwa na tata, yaani baba, kwenye mtumbwi, mshipi mrefu, unamfuata kule visamaki vinakoruka. Mtoni anakuja kwako mwenyewe, amejaa mayai, anapambana na mkondo. Ndoano inamshika kirahisi, na hapo ndipo ninapolia. Watu wanaziba mdomo wa mto kwa nyavu wakati huo huo wa kupanda. Tata alikuwa akirudi mtoni na ndoo nzima. Mimi msimu uliopita nilikaa siku tatu nikamwona mmoja. Nilimwachia apande.

Kihesa Ughaibuni
Fyn wana sheria kwa hilo. Kuanzia katikati ya Novemba hadi katikati ya Januari, trauti wa baharini aliyeshaingia rangi ya kutaga haguswi. Nilimwona kijana akirudisha samaki mkubwa kuliko wangu wote, bila askari karibu.

Mwana wa Chai
Kyela Kwetu, mvua zikikolea nitumie ujumbe. Nitakuja na mzee. Magoti hayamruhusu tena kushuka mtoni, ila nitamwekea kiti ukingoni, mbali kidogo ili kivuli kisiguse maji, amwone mbasa akipanda. Ndoano tutaziacha Mufindi.