Nahamia Mwanza kutoka Sengerema: Buhongwa, Buswelu, Usagara au nibaki ng'ambo nitumie daraja?

Mtu wa Busisi:

Habari za jioni wakuu.

Mke wangu ni muuguzi, amepata kazi hospitali ya Bugando, Mwanza mjini, na anaripoti mwezi ujao. Kazi yenyewe ni ya shifti. Mimi nina duka la spea za pikipiki Sengerema mjini, na silifungi maana ndilo linalotulisha. Watoto ni wawili, mmoja darasa la tatu, mwingine chekechea.

Zamani hili lisingekuwa na mjadala. Kazi ikiwa Mwanza unahamia Mwanza, kwa sababu pale Kigongo na Busisi kivuko ndicho kilikuwa kinakupangia ratiba ya maisha. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025, zile kilomita 3 za maji ni dakika chache tu. Ndugu wa mke wangu wanasema tusihame, yeye awe anaenda na kurudi. Ndugu zangu wanataka twende Buswelu kwa kuwa shangazi amejenga huko na kila siku anasifia. Dalali naye amenitumia picha za nyumba Buhongwa, na nyingine Usagara ambayo kodi yake ni karibu nusu.

Bajeti yangu haizidi 200,000 kwa mwezi. Nataka nyumba inayojitegemea, maji ndani, fensi ikiwezekana. Wenyeji wa jiji mnishauri.

Nawasilisha.

JiweJuuYaJiwe:

Karibu mjini mkuu. Njoo na sato wako kabisa, huku ziwa tunaliona dirishani ila samaki bei yake usiulize.

Mama Happy:

Kaka, nasema kama mtu niliyefanya kazi za shifti muda mrefu. Hiyo hesabu ya kwenda na kurudi Sengerema wanaipiga watu wa kazi za saa mbili asubuhi mpaka saa tisa. Anayetoka shifti ya jioni anatoka usiku. Daraja lipo, sawa, lakini basi la Sengerema saa hizo analipata wapi? Na akitoka shifti ya usiku asubuhi amechoka, umpakie tena kwenye Hiace mpaka ng'ambo, alale mchana, jioni arudi. Atavumilia kidogo, halafu mtaanza kugombana mkidhani mnagombania hela kumbe ni usingizi.

Shemeji akae jijini. Wewe mwenye duka lako ndiye unayeweza kusogeza muda, safari ndefu ichukue wewe.

Kamanga Express:

Mnasahau feri ya Kamanga, wakuu. Inakushusha mjini kabisa. Kwa mtu wa Sengerema anayekwenda katikati ya jiji bado ina maana yake, daraja halijaifuta.

Mama Happy:

Na usiku?

Kamanga Express:

Haya dada, umeshinda.

Dalali Mstaafu:

Nimepangisha watu Mwanza kabla hata Ilemela haijawa manispaa yake mwaka 2012, kwa hiyo nivumilieni nikirefusha.

Kwanza mkuu, jiji hili halina barabara nyingi za kuingilia katikati. Wa kusini, yaani Buhongwa, Mkolani, Nyegezi, Butimba, wanaingia kwa Kenyatta kupitia Mkuyuni. Wa mashariki, Igoma, Nyakato, Buzuruga, wanaingia kwa Nyerere kupitia Mabatini. Wa kaskazini wanapita Pasiansi na Kirumba. Ukipanga nyumba umepanga na barabara. Wewe duka lako liko Sengerema, magari ya Sengerema na Geita yanatokea stendi ya Nyegezi. Ukienda kukaa Buswelu, kila asubuhi unavuka jiji zima ndipo uanze safari. Shangazi yako hajakudanganya, Buswelu ni pazuri, makao ya manispaa ya Ilemela yapo huko na mji unapanuka kwa mpango kuliko kwetu. Ila kunamfaa yeye.

Kwa hiyo wewe ni mtu wa kusini. Swali ni kusini ipi.

Usagara kodi ndogo kweli, na kwa upande wako wewe ni njia panda safi kabisa, hapo ndipo barabara ya Shinyanga inaachana na ya Kigongo. Lakini Usagara siyo jiji, ni Wilaya ya Misungwi, na shemeji akitoka kazini usiku nauli ya bodaboda itakula ile nusu uliyookoa. Buhongwa ina kila kitu siku hizi, soko, maduka, shule za kumwaga, ila foleni ya asubuhi anaanza nayo tangu mwanzo. Mimi ningetafuta Mkolani au Nyegezi. Stendi kwako ni karibu, na Bugando siyo mbali sana kwa mwenzio.

Maji: chanzo cha Butimba cha lita milioni 48 kwa siku kimebadilisha sana upande huu, zamani jiji zima lilitegemea chanzo cha Capripoint. Hata hivyo usiishie kuona bomba. Fungua. Uliza wapangaji waliopo, siyo mwenye nyumba, maji yanatoka siku gani na yanapanda mpaka wapi. Mwanza ni milima, nyumba mbili zimetenganishwa na jiwe moja, ya chini inamwaga maji, ya juu wanabeba ndoo. Angalia kama kuna simtanki.

Umeme: dai Luku, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, yako mwenyewe. Luku ya kuchangia kwenye nyumba za wapangaji wengi huleta ugomvi kuliko hata choo. Na kila mwezi Luku inakata kodi ya jengo. Ni ya mwenye nyumba hiyo, mkubaliane mapema atakufidia vipi, maana wengi hujifanya hawajui.

Kodi watakudai miezi sita, wengine mwaka. Dalali naye anachukua kodi ya mwezi mmoja. Asikudai hela ya "kuonyeshwa" nyumba kumi ambazo tisa zimeshachukuliwa. Najua mchezo huo, nisiuseme zaidi.

Binti Igogo:

Mbona hakuna anayetaja Bugarika na Igogo? Karibu na Bugando, shemeji anatembea kwa miguu. Au sisi tunaokaa mlimani kwenye mawe siyo watu?

Dalali Mstaafu:

Watu tena sana, dada. Kodi nafuu na mjini ni hapo. Lakini ametaka fensi, maji ndani na nyumba ya kujitegemea kwa laki mbili. Huko juu gari halifiki, kabati linapanda kwa mabega ya vijana, na kila jiwe wanalozunguka wanaongeza bei. Angekuwa peke yake bila watoto ningemwambia aende huko huko.

Hesabu za Mtaa:

Niongeze picha kubwa kidogo. Sensa ya 2012 Nyamagana na Ilemela, wilaya mbili zinazounda jiji hili, kwa pamoja zilikuwa na watu laki saba na kidogo. Ya 2022 zikafika zaidi ya milioni 1.1. Ndani ya miaka kumi! Wanatoka Ukerewe, Geita, Simiyu, Mara, Kagera, na ninyi wa Sengerema. Wengi wanaanza kama alivyosema Binti Igogo, chumba kimoja kwenye mawe karibu na soko au mwalo. Akipata familia anasogea Nyakato, Nyegezi au Kiseke. Akipata kiwanja anatoka kabisa, Kishiri, Nyasaka, Kisesa, Usagara. Kisesa yenyewe iko Wilaya ya Magu, ila muulize mtu wa Kisesa anakaa wapi, atakwambia Mwanza.

Mpangaji wa Buhongwa leo anashindana na mwenye kujenga wa jana aliyepandisha bei ya eneo zima. Ndiyo maana dalali anakusukumia Usagara.

Nyasaka Juu:

Hoja ya foleni imekuzwa. Mimi naishi Nyasaka nafanya kazi mjini, watu wa kusini ndio wanaoteseka Mkuyuni, hasa mvua za vuli zikianza. Buswelu na Nyasaka hewa safi, viwanja vimepimwa, majirani wastaarabu.

JiweJuuYaJiwe:

Majirani wastaarabu kwa sababu hawajamaliza kujenga, hawajahamia.

Mtu wa Busisi:

Nimecheka peke yangu dukani, mteja ananishangaa. Asanteni wote. Buswelu nimeitoa, nitamwambia shangazi taratibu. Kwenda na kurudi nako nimekutoa, mke wangu amesoma jibu la Mama Happy akanirudishia simu bila neno.

Swali moja la nyongeza. Yule dalali wa Usagara baada ya kuona nasitasita kupanga, ameanza kuniuzia kiwanja. Anasema SGR, ile reli mpya ya kisasa, inapita Fela, bei itapanda mara tatu, nitoe hata nusu ya pesa sasa. Ana kingine Luchelele "ziwani kabisa, unanawa miguu ukiwa barazani".

Hesabu za Mtaa:

Reli ya Mwanza–Isaka kupita Fela ni kweli. "Mara tatu" ni ya kwake. Bei ya leo tayari ina harufu ya treni ndani yake.

Hicho cha kunawa miguu achana nacho. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Baraza lako litakuwa la mamba na maofisa.

Dalali Mstaafu:

Cha Usagara usitoe nusu wala robo kabla ya upekuzi ofisi ya ardhi, na ofisi yenyewe ni ya Misungwi, usipelekwe jijini ukazungushwa. Omba kuona ramani ya upimaji, uongee na majirani wa pande zote, siyo yule jirani anayeletwa na muuzaji. Ila mkuu, kwa nini ununue sasa? Panga kwanza, uujue mji.

Mama Happy:

Na watoto. Uhamisho wa huyo wa darasa la tatu uanzie shule anayotoka. Kama unaweza, mwache amalize muhula, wahame Desemba na baba yao. Shemeji atangulie na vitu vichache. Mkishapata nyumba jitambulisheni kwa mwenyekiti wa mtaa mapema, barua yake utaihitaji.

Kamanga Express:

Mizigo usikodi Fuso. Vitu vya familia ya watu wanne kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, safari mbili vinaisha, au Canter moja kama una friji na makochi. Kubaliana bei ya kupakua kabla hawajafungua kamba.

Mtu wa Busisi:

Nimewaelewa. Kiwanja kisubiri. Nitatafuta nyumba Mkolani na Nyegezi. Dalali Mstaafu nimekutumia ujumbe pembeni, kama bado una vijana wako huko wanionyeshe zile ambazo hazijachukuliwa. Mke wangu atakuwa ofu Jumapili, tunakuja wote.

Dalali Mstaafu:

Nimeuona. Nyumba tatu, hela ya kuonyeshwa hakuna. Mje mapema, saa za maji kutoka.