Wiki ya sita ya dawa na kaunsela, binti yangu bado hajarudi. Niendelee au niache?

MamaWaTatu
Assalam aleikum, na wasio Waislamu hamjambo. Naandika usiku huu kwa sababu mchana nyumba yetu haina siri.

Nina binti wa miaka 16, kidato cha tatu. Alikuwa mtu wa maneno, akicheka mpaka majirani hugonga ukuta. Tangu mwezi wa pili akaanza kujifungia. Kula hali, usiku halali, alfajiri ndipo usingizi unapomchukua. Madrasa akaacha, mashoga zake akawakata mmoja mmoja. Mimi nikadhani ni simu, nikamnyang'anya. Ikawa balaa zaidi. Siku moja akaniambia, "Mama, nimechoka kuwa mtu." Hapo ndipo nilipozinduka.

Daktari alisema ni depresheni pamoja na wasiwasi uliopita kiasi. Akampa tembe moja kila asubuhi na kaunsela mara moja kwa wiki. Leo ni wiki ya sita. Mkiniuliza kama amepona, hapana. Mkiniuliza kama yuko vilevile, pia siwezi kuapa. Juzi alikula mahamri mawili na mbaazi bila kusukumwa, jana kutwa ameangalia ukuta.

Shangazi yake asema twamjaza sumu, ni jini la baharini, twende Kwale kuna mtu amjuaye. Baba yake yuko Dubai kikazi, kila akipiga ni "hizo pesa zaenda wapi?" Kikao kimoja ni shilingi 2,000, mbali na nauli ya kutoka Likoni.

Je, vijana hupona kweli kwa matibabu haya? Huchukua muda gani? Nisimamishe dawa?

Chokaa
Pole sana mamangu. Mimi ningemtoa kwenye dawa mapema kabla hajazizoea. Mpe asali na habbat sauda, na simu asirudishiwe.

NesiWaZamu
Chokaa, tafadhali. Dawa hizi mtu hasimamishi kwa ushauri wa watu wa mtandaoni, hata wangu.

Mama, nimefanya kazi wodi na kliniki miaka mingi, swali lako nalisikia kila Jumatatu. Nikujibu kwa hesabu, kisha kwa maneno.

Marekani walifuata vijana 439 wa miaka 12 hadi 17 wenye depresheni ya wastani hadi kali, matokeo yakachapishwa 2004. Baada ya wiki 12, waliopewa fluoksetini (dawa ya depresheni) pamoja na tiba ya mazungumzo (ile ya kumfunza mtu kukagua mawazo yake na kubadili mwenendo) walioonekana wamepata nafuu kubwa walikuwa 71 kati ya 100. Dawa peke yake 61. Mazungumzo peke yake 43. Waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani, 35. Ukiishia hapo utasema mazungumzo ni maneno matupu. Lakini walipofika wiki ya 36, waliotumia vyote viwili walikuwa 86, na dawa na mazungumzo kila kimoja 81. Mazungumzo yalichelewa tu, yakafika.

Sasa sikiliza hili, maana madaktari wengi hawalisemi. Nafuu kubwa si kupona kabisa. Katika vijana hao hao, waliokwisha dalili kabisa kwenye wiki ya 12 ni 37 kati ya 100, na hao ni wale wa tiba zote mbili. Kwa hiyo binti yako, wiki ya sita, anayekula mahamri Jumanne na kutazama ukuta Jumatano, si kiroja. Hivi ndivyo inavyokwenda. Hupanda na kushuka kama maji ya bahari pale Tudor.

Kwa wasiwasi pia kuna utafiti wa huko huko wa 2008, watoto na vijana 488. Tiba zote mbili pamoja zilisaidia 81 kati ya 100, kila moja peke yake kati ya 55 na 60, na vidonge visivyo na dawa ndani 24.

Kama hadi wiki ya nane hakuna badiliko lolote, rudi kwa daktari. Dozi huongezwa, dawa hubadilishwa. Uamuzi ni wake.

Bahati_Likoni
Takwimu za Marekani tuzifanyie nini sisi? Watoto wa huko wana bima na chumba chao.

NesiWaZamu
Haki yako kuuliza, ndugu. Hapa Kenya kuna mradi uitwao Shamiri, matokeo yake ya vijana 413 wa sekondari yalitoka 2021. Vikao vinne tu vya kikundi, wiki nne, vikiongozwa na vijana waliomaliza sekondari, wala si madaktari. Dalili za depresheni na za wasiwasi zilipungua zaidi kuliko kwa wale waliofunzwa mbinu za kusoma. Sisemi kikundi kinatosha kwa mtoto aliyesema amechoka kuwa mtu. Ila mwili na akili ya Mkenya vinaitikia tiba.

KijanaWaMajengo
Mama, mimi nilikuwa huyo binti yako, ila mvulana. Niliugua nikiwa na miaka 17. Mwezi wa tatu nikajiona sawa, nikatupa tembe chooni nikijidai mwanamume. Baada ya wiki chache nikaanguka tena, na mara hiyo ilikuwa vibaya kuliko mwanzo. Nilianza upya, daktari akaniambia nikishakuwa sawa niendelee miezi sita hadi kumi na miwili ndipo tupunguze kidogo kidogo. Nilimwelewa baada ya kuumia.

Jambo jingine. Mimi moyo haukutangulia, miguu ilitangulia. Kaunsela alinipa kazi ya kijinga: kila jioni nitembee hadi Mwembe Tayari, ninunue viazi karai, nirudi. Wiki nne nilivila bila hamu. Ya tano nikagundua pilipili imezidi, nikamgombeza muuzaji. Mamangu alilia kwa furaha, ati nimegombana na mtu.

Mzee_Kibokoni
Mwanangu MamaWaTatu, mimi si daktari, ni mtu wa msikiti. Dua na kisomo msimnyime. Lakini atakayekwambia uache dawa ndipo akusomee, huyo mkimbie, na atakayetaka kumfunga au kumpiga ili jini litoke, mkimbie mara mbili. Niliona kijana akifanyiwa hivyo mtaani petu zamani. Sitaki kuhadithia.

MamaWaTatu
Nimesoma yote nikifuta machozi. Nesi, kuna jambo. Tangu aseme lile neno sijawahi kumuuliza tena. Naogopa nikimuuliza nitamtia wazo.

NesiWaZamu
Hutamtia wazo, dada. Muulize kwa uwazi: "Unafikiria kujitoa uhai?" Kuuliza hakuongezi hatari, kunamtoa upweke tu. Na uulize zaidi siku hizi, maana vidonge hivi, kwa baadhi ya vijana, vinaweza kuzidisha mawazo hayo wiki za mwanzo au dozi ikibadilishwa. Marekani iliamuru onyo hilo liandikwe kwenye pakiti tangu 2004. Ndiyo sababu tunataka mtoto aonekane mara kwa mara. Si sababu ya kukatiza.

Tembe zote za nyumbani, hata zako za presha, zifungiwe na mtu mzima awe na funguo. Akikujibu ndiyo na ana mpango, usimwache peke yake, nendeni hospitali usiku huo huo. Nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu haina malipo, na 116 ni ya watoto. Wala usiogope polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilichokuwa kikimshtaki aliyejaribu kujiua kinakwenda kinyume cha Katiba.

Bahati_Likoni
Hilo la mahakama sikulijua. Mama, mimi niko hapa hapa Likoni, mke wangu anaweza kumsindikiza binti hadi feri siku ukishindwa.

MamaWaTatu
Nimerudi, siku tisa zimepita. Nilimuuliza tukikunja nguo. Alinyamaza kitambo, akasema, "Zamani kila siku, siku hizi mara moja moja." Kisha akaniuliza mbona sikumuuliza mapema. Tumemwambia daktari, ameongeza dozi kidogo na kusogeza miadi karibu.

Baba yake nimemwekea kaunsela kwenye simu wakazungumza dakika ishirini. Hajauliza habari za pesa tena, ingawa sijui itadumu.

Shangazi nimempa kazi: yeye ndiye mwenye funguo za kabati la dawa, na kila asubuhi ndiye ampaye tembe na chai. Jana nilimsikia akimkaripia jirani, "Hizi dawa zachukua muda, wewe wajua nini?"

Simu ameomba. Nimempa, ina chaji asilimia nne, akauliza chaja iko wapi.