Mtoto mwenye ualbino: bweni la Misungwi au shule ya mtaani?

Wadau wa Mwanza, tulijadili hili bila kutukanana. Binti yangu ana ualbino, yuko darasa la tatu huku Nyakato. Mwalimu wake ameniita, akaniambia kwa upole kabisa: "Mama, mpeleke shule ya bweni ya Mitindo kule Misungwi, wenzake wako huko." Wenzake! Kwani wenzake si hawa anaocheza nao rede kila jioni?

Nikaenda kumchungulia darasani. Amekaa dawati la nne, karibu na dirisha, jua linampiga machoni. Ili asome ubaoni anainuka, anasogea mpaka pua inakaribia kugusa ubao, anashika maneno mawili kichwani, anarudi kuyaandika, anakwenda tena. Huku nyuma wanamzomea, "Kaa chini, unatuziba!" Akakaa. Daftari lilikuwa na mistari miwili.

Hapo akili ina kosa gani? Ualbino huja na uoni hafifu, na miwani haiumalizi. Anahitaji dawati la mbele penye kivuli, mwalimu atamke anachoandika, na mtihani wa maandishi makubwa. Kofia pana nimenunua mwenyewe. Paredi wanamvua, eti si sare.

Najua mabweni yalijaa kwa nini. Mauaji yale ya watu wenye ualbino kuanzia 2007 kanda yetu hii, nani hakuogopa? Lakini Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inasema asome shule ya kawaida.

Mwalimu, Sengerema: Kwa huyo wako sikupingi, ila msiwatie watoto wote kapu moja. Nilikaa na mtoto kiziwi mwaka mzima, nami lugha ya alama sijui hata salamu. Alinakili kuliko wote, mwandiko wa kupendeza, na hakujua neno hata moja alilonakili. Huyo heri bweni la viziwi, apate lugha kwanza. Sheria hiyohiyo imemtoa anayehitaji mawasiliano maalumu, isome vizuri.

Mkerewe: Nina ualbino, nimesoma bweni. Nilipona na nikasoma, siwezi kulisema vibaya. Ila nikivuka ziwa kurudi nyumbani likizo, mdogo wangu alikuwa ananiamkia kama mgeni.

Mama wa Nyakato: Mwalimu, kwa kiziwi umenishinda. Mkerewe, pole sana, hilo ndilo ninaloliogopa. Jumatatu narudi shuleni kuomba dawati la mbele mbali na dirisha. Kofia tutaigombania baadaye.