Kasuku wa mlimani kanitafunia gari la kukodi, nishaurini wakuu

Mtu_wa_Pwani: Wakuu habari. Niko New Zealand, Christchurch, kimasomo. Leo nimekodi gari na washkaji tukapanda Arthur's Pass, njia ya milimani kwenye theluji, tumepaki tupige picha wakashuka kea, kasuku wakubwa wa kijani, akifungua bawa kwa chini ni rangi ya chungwa tupu. Dakika kumi mpira wa kioo umeng'olewa na waipa imechanwa. Gari narudisha kesho asubuhi, nifanyeje?

Kipepeo_Mweusi: Sema ukweli mapema. Mimi Dodoma nilikodi Noah nikaficha mkwaruzo, nililipa mpaka nikauza simu.

MamaWawili: Walikuja wenyewe au mliwapa chakula?

Mtu_wa_Pwani: Pale watu wengi tu wanawapa

MamaWawili: Sijauliza watu wengi mwanangu.

Mtu_wa_Pwani: Sawa, nilimpa mmoja chipsi na kipande cha chokoleti nipate video. Kaweka kichwa upande ananitazama usoni, ungemnyima? Na mpira nishaubandika gundi, hauonekani kabisa.

Babu_Mpole: Chokoleti ni sumu kwa ndege, kijana. Hao zamani serikali ililipa kwa kila mdomo ulioletwa maana wafugaji walilia wanaua kondoo, wakauawa zaidi ya 150,000, ulinzi kamili wamepata 1986 na sasa wamebaki elfu chache. Ukimlisha anahamia maparking, anagongwa.

Jicho_Kavu: Hii chai. Kasuku kwenye theluji? Kasuku wako Kongo misituni. Ungeleta picha basi

Dereva_wa_Kusini: Sio chai. Naendesha basi la watalii njia ya Milford huku huku New Zealand, kwenye foleni ya handaki la Homer wanatua juu ya paa, wanainama wanakuchungulia kioo kichwa chini miguu juu. Abiria nawaambia chakula kwenye begi, zipu ifungwe, viatu msiache nje, mtazameni tu. Na hiyo gundi mwenye gari ataiona.

Jicho_Kavu: Mh, nimegoogle. Samahani mkuu.

Mtu_wa_Pwani: Nimewapigia wenye gari, nimewaambia yote. Ila nimerudia video, chokoleti kaimeza yote. Mguuni ana pete ya njano ina herufi. Usingizi hauji.

Dereva_wa_Kusini: Isome hiyo herufi vizuri, piga simu idara yao ya uhifadhi sasa hivi, wataje parking ipi na saa ngapi.

Mtu_wa_Pwani: Napiga.