Wakuu, muvi ya kutisha ya Kijapani nimeitafsiri mwenyewe halafu watu wanacheka, nakosea wapi?

Maiki Moja (mwenye uzi)
Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Niende moja kwa moja.

Mimi ni mtafsiri wa muvi ila sio hawa wakubwa mnaowasikia kila kona, mimi ni wa banda moja tu la video huku Kihonda Morogoro, narekodi geto usiku magari yakipungua, laptopu ya kuazima na maiki nimeifunga soksi isipulize, asubuhi napeleka flashi kwa mwenye banda. Nimezoea za Kihindi na za Kichina za kupigana na huko sina mpinzani, steringi akirusha ngumi na mimi nipo naye, adui akichapwa namsimanga mpaka anakata roho.

Sasa mwenye banda kaniambia watu wanataka vitu kama ile Squid Game ya Wakorea ya 2021, michezo ukikosea unakufa. Nikamwambia tajiri, hiyo ina mkubwa wake, inaitwa Battle Royale, ya Wajapani, ya mwaka 2000, haina midege wala majengo kuanguka, ni watoto na kisiwa na vichaka tu lakini inatisha balaa. Kwa wasioijua: serikali inachukua darasa zima, wanafunzi 42 wa miaka kama 15, wanazinduka wana kola za chuma shingoni, wanaambiwa wana siku 3 wauane abaki mmoja, siku 3 zikiisha wamebaki wengi kola zote zinalipuka. Kila mtu anapewa begi na humo ndani kuna silaha ya bahati yako, mwingine bunduki, mwingine darubini, steringi wetu kafungua kakuta mfuniko wa sufuria.

Nikaitafsiri siku 5. Alhamisi ikawekwa. Majina ya Kijapani yalinishinda nikawaita kina Juma, Shabani, Rehema, Mwajuma, sasa hawa wako 42 jamani, kufika katikati mimi mwenyewe sijui Shabani alishakufa au ni huyu anayekimbia, kuna mtu kauliza kwa sauti "huyu Juma amefufuka?" banda lote likaangua kicheko.

Iliyoniuma zaidi ni pale kwenye mnara wa taa. Wasichana marafiki wamejificha humo, wanapika, wanacheka, mmoja kaweka sumu kwenye sahani ya steringi maana anamuogopa, rafiki yao mwingine akaila ile sahani bila kujua, kakohoa damu kadondoka. Hapo mimi kwenye rekodi nikapiga kelele "OYAAA DADA WA WATU KALA SUMU YA PANYA!" Wakuu, watu walicheka mpaka mmoja kaanguka na benchi, wakati ile sehemu mimi nilivyoiangalia peke yangu mara ya kwanza sikulala.

Tajiri kasema narudia Alhamisi ijayo, ikiwa vichekesho tena tunarudi kwenye Wahindi na hela ya hii sipewi. Naombeni mawazo yenu.

Kiti cha Mbele
Nimetandika mkeka hapa, ngoja wajuzi waje.

Bi Tandika
Sumu ya panya 😂😂😂 kaka samahani lakini na mimi ningeanguka na benchi.

Mbongo Osaka
Mkuu pole. Mimi nipo Japani mwaka wa nne sasa, hii muvi nimeiangalia mara nyingi kuliko ninavyotakiwa.

Hilo la majina dawa yake imo humo humo. Darasa la Kijapani kila mwanafunzi ana namba kwenye daftari la mahudhurio, na kwenye hii wavulana wana namba zao na wasichana zao. Ukiangalia vizuri kila mtu akifa yanatokea maandishi kwenye skrini, namba yake, jina lake, na wamebaki wangapi. Wewe soma hayo kwa sauti ya chini kama mtu anayejaza fomu. "Msichana namba fulani. Wamebaki thelathini na moja." Basi. Steringi, Nanahara, ni mvulana namba 15, na yule binti anayemlinda, Noriko, naye ni msichana namba 15, kwa hiyo hao wawili waache na majina yao, watu watawashika, wengine wote namba. Hakuna kitu kinatisha kama mtoto wa mtu kuitwa namba, Juma mwache akauze maji huko huko Kihonda.

Halafu yule mwalimu. Huyo ni Takeshi Kitano, na kwenye muvi mwalimu anaitwa Kitano vile vile. Wajapani wanamjua kama mchekeshaji, alianzia kwenye majukwaa ya vichekesho, na miaka ya themanini alikuwa na kipindi cha TV watu wanakimbia vikwazo wanaanguka kwenye matope. Sasa chukulia mtu aliyekuchekesha utoto wako wote anaingia darasani na nguo za mazoezi, anaongea polepole kama anasoma matangazo ya paredi, mwanafunzi mmoja akanong'ona na mwenzake, jamaa anarusha kisu kinatua kwenye paji la uso, halafu anaendelea na somo. Usimpe sauti ya jambazi! Mpe sauti ya mwalimu aliyechoka, tarehe 28, mshahara haujatoka.

Maiki Moja
Mbongo Osaka duh. Mimi nilimpa kicheko cha shetani kabisa, hahahaha ile ndefu yenye mwangwi.

Mbongo Osaka
Futa.

Bi Tandika
Na yule dada wa kwenye video anayewaelekeza sheria za mchezo ulimfanyaje? Yule mchangamfu.

Maiki Moja
Nilimpa sauti ya mchawi.

Bi Tandika
Kaka jamani. Yule anatakiwa awe mchangamfu kweli kweli, kama yule wa redioni anayekwambia tuma neno BAHATI ujishindie pikipiki. Anaeleza kola itakavyokupasua shingo huku anatabasamu na kupunga mkono. Tafuta dada ako au jirani yeyote mwenye sauti ya kutangaza akurekodie hizo dakika mbili tatu, wewe mwanaume utaharibu tena.

Mkanda Ulioliwa
Mkuu kabla hujarudia ujue kwanza unatafsiri kitu cha nani. Aliyeiongoza, Kinji Fukasaku, alikuwa mzee wa miaka 70 ilipotoka. Kazaliwa 1930, yaani vita vya pili vinaisha ana miaka 15 ile ile ya hawa watoto wa kwenye muvi. Yeye na darasa lake walipelekwa kufanya kazi kiwanda cha silaha, kikapigwa mizinga, na amesimulia mwenyewe kwamba walikuwa wanajificha chini ya miili ya wenzao, halafu waliobaki ndio wanakusanya maiti. Akasema tangu hapo akawachukia watu wazima, maana walikuwa wanawadanganya. Kwa hiyo zile kola na kile kisiwa usivione kama mchezo tu wa kuigiza. Skripti aliandika mwanae Kenta, na mzee alifariki Januari 2003 akiwa ndio ameanza sehemu ya pili, mtoto ndio akaimalizia.

Na kitabu chake chenyewe, cha Koushun Takami, kilipelekwa kwenye shindano la riwaya za kutisha huko kwao kikafika fainali kikatoswa, kikaja kutoka 1999 kikauzika kama njugu.

Sauti ya Pwani
Asalaam aleikum. Mimi niko Mombasa, na huku pia tumekulia kwenye hizo filamu za kutafsiriwa kwa hiyo nakufahamu ndugu yangu. Tatizo lako wallahi silo jina wala sauti. Waongea sana.

Filamu ya ngumi yataka mdomo, mtu akipigwa wewe wampigia kelele na watu wafurahi. Ya kutisha ya Kijapani yataka ufunge mdomo. Hawa watu walijifunza kutisha kwa pesa kidogo, na kimya hakina gharama. Tazama Ju-on, ilianza mwaka 2000 kama kanda za video za kuuza tu, kumbi za sinema iliingia baadaye, nyumba moja, ngazi moja, na mlio wa koo ambao hata wewe waweza kuufanya na mdomo wako saa hii. Ungeweka maneno juu ya ule mlio, nani angeogopa?

Kwa hivyo pale mnara wa taa ongea mapema, wakiwa bado wanapika. Mwambie mtazamaji "hawa ni marafiki", mwambie "sahani hii ina sumu, na anayejua ni mmoja tu". Yule msichana akichukua kijiko, zima maiki. Usiseme neno mpaka wote walale chini. Hata wakilaumiana kwa maneno usiyatafsiri, nani asiyejua sura ya mtu anayeambiwa "ni wewe!"

Dokta Kibatari
Sauti ya Pwani nakuheshimu mzee wangu ila hapo unamponza mwenzako. Watu wametoa miambili yao kuja kumsikia mtafsiri, ukinyamaza dakika tano wanadai chenji. Mimi nimewahi kuona banda linarushiwa chupa kwa sababu mtafsiri alikunywa maji. Kimya sekunde kumi, inatosha.

Sauti ya Pwani
Sekunde kumi si kimya, hiyo ni kikohozi.

Mkanda Ulioliwa
😂😂 Mimi niko na mzee wa Mombasa. Ila sio kila mahali. Kwenye kile kipaza sauti, wale wasichana wawili wanapanda kilimani kuwaambia wenzao jamani tusiuane, pale tafsiri kila neno, tena kwa nguvu zako zote, maana uchungu ni kwamba wanasikika kisiwa kizima na aliyewasikia wa kwanza ndio anakuja na bunduki. Na mwishoni mwalimu amepigwa risasi kalala, simu inalia, anaamka kupokea, pale wakicheka waache wacheke, mwenyewe aliyeitengeneza alitaka hivyo nadhani.

Mwalimu wa Zamu
Mimi nitaharibu stori kidogo. Mlangoni kwenye hilo banda anakaa nani? Huko kwao ilipotoka iliwekwa wa chini ya miaka 15 wasiingie, na bado wabunge wakapiga kelele. Banda la mtaani nalijua, mabenchi ya mbele yote ni watoto wa darasa la nne na mabegi yao. Halafu hakimiliki je? Unaongea juu ya kazi ya mtu, kibali una?

Maiki Moja
Mwalimu la kibali umenikamata sina jibu, la watoto nitaongea na tajiri iwe saa tatu usiku na mlango akae shemeji yake, yule hacheki na mtu.

Kiti cha Mbele
Tupe mrejesho mkuu, usije ukapotea kama wale wanaoomba ushauri wa ndoa.

Maiki Moja
MREJESHO. Wakuu nimerudi.

Nimerudia yote siku 4. Dada wa video kaingiza jirani yangu anayeuza vocha, kaifanya kwa soda mbili na kaniharibia usingizi, sauti ni ile ile anayoniambia "kaka leo huweki bando?" Mwalimu nimemfanya mchoka. Namba nimesoma kama karani.

Alhamisi watu kama 40, watoto wa mbele wametolewa wamenuna. Mwanzo kulikuwa na vicheko vya hapa na pale, kisu kilipotua vikakata. Kufika mnara wa taa nikawa nimejibanza nyuma kabisa kwenye mlango natetemeka mimi. Nikajisikia nasema "anayejua ni mmoja tu", kijiko kikapanda, maiki ikafa.

Unasikia feni tu. Kuna mama mmoja wa mboga huwa anapita kuangalia kidogo akisubiri mume wake, amesimama na beseni kichwani hajalitua. Wasichana wameanza kunyoosheana bunduki, hakuna anayetafuna hata karanga. Na hapo hapo tajiri akatoka mbio nje kwenye meza ya mashine akidhani spika imeungua, akaanza kuchomoa nyaya, picha ikakata giza tupu, na banda zima likamgeukia kwa matusi ambayo humu siwezi kuandika, yule mama wa beseni ndio aliongoza.

Ikabidi irudishwe nyuma, ikaanzia wanapika. Walikaa kimya tena mara ya pili, na sasa wanajua kinachokuja.

Hela nimepewa, kakata elfu mbili ya waya.