MJADALA: Nairobi ijenge bwawa jingine, au kwanza izibe mabomba?

Mkazi wa Umoja (mwanzisha mada)

Ndugu zangu, naomba hili tulizungumze kwa kina, maana linatugusa wote. Mgao wa maji ulianza Januari 2017, mvua zilipokosa na bwawa la Ndakaini likashuka vibaya. Tuliambiwa ni ukame, tukavumilia. Masika ya 2018 yakaja na mafuriko, Ndakaini ikajaa. Mgao ukabaki. Tangu hapo kuna watoto wameanza shule na kufika darasa la juu bila kujua mfereji unaotoa maji siku saba za wiki.

Ndakaini ilikamilika 1994, inabeba mita za ujazo milioni 70, na kwa miaka mingi ndiyo imetoa zaidi ya asilimia 80 ya maji ya jiji. Sasumua na Ruiru ni mabwawa ya zama za ukoloni. Kwa muda mrefu uzalishaji ulikuwa yapata lita milioni 525 kwa siku huku mahitaji yakizidi milioni 800. Ndipo likachimbwa handaki la kilomita 11.8 kule Murang'a, linalochukua maji ya mito Maragua, Gikigie na Irati na kuyapeleka upande wa Ndakaini, kwa lengo la kuongeza lita milioni 140 kwa siku.

Sasa geukeni upande wa pili. Ripoti za WASREB, wasimamizi wa sekta ya maji, zinaonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba karibu nusu ya maji yanayosafishwa kwa ajili ya Nairobi hayalipiwi. Nusu ya milioni 525 ni kama milioni 260. Handaki lote lile, na deni lake, halifiki hapo.

Halafu kuna hili linalonikosesha usingizi. Ndakaini, Sasumua, Ruiru, handaki, vyote vinanyweshwa na milima ya Aberdare. Mvua ikikosa juu ya safu hiyo moja, vyote vinashuka pamoja. Hatujaongeza vyanzo, tumeongeza midomo kwenye chungu kimoja. Msimamo wangu ni kwamba kila shilingi ya kukabiliana na ukame ianzie mjini, kwenye mabomba, kabla ya kupanda tena mlimani. Anayepinga aje na hoja.

Mzaliwa wa Gatanga

Asante kwa kuuliza, maana huku kwetu huwa tunakumbukwa handaki likitajwa tu. Ndakaini iko Gatanga, kaunti ya Murang'a. Kuna boma ukisimama uani unaliona bwawa lote, na mama wa boma hilo anateka maji mtoni kwa mtungi. Gavana wetu wa zamani, Mwangi wa Iria, alipodai kaunti ipewe asilimia 25 ya mapato ya maji yanayokwenda Nairobi, watu wa mjini walisema ni siasa. Kwetu halikuwa jambo la siasa.

Kuhusu handaki, tuliahidiwa kwamba litachukua maji ya mafuriko, na kwamba kiangazi mito itaachiwa maji yake. Ahadi hiyo ipimwe hadharani, kila mwezi, kwa vipimo ambavyo mkulima wa Maragua anaweza kuviona. La sivyo, ukame wa Nairobi umehamishiwa Murang'a.

Jambo moja zuri lisisahaulike. Tangu 2015 kuna Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi unaosaidia wakulima kuchimba matuta, kupanda nyasi kingoni mwa mito na kutengeneza vidimbwi vya kuvunia mvua. Udongo ukibaki shambani, bwawa halijai tope na mtambo wa kusafisha hausumbuki kila mvua inaponyesha. Hiyo ni kazi ya majembe, na inafanya kazi.

Fundi wa mabomba, Eastlands

Niongeze kitu ambacho watu wa ofisini hawakioni. Mgao wenyewe unavunja mabomba.

Maji yakifungwa siku tatu, ndani ya bomba kunaingia hewa. Siku ya kufungulia, maji yanaisukuma ile hewa mbele kwa nguvu na viungo vya zamani vinaachia. Simama karibu na mita saa hiyo: sindano inazunguka mbio, na mferejini hakuna tone, ni hewa inapuliza tu. Mteja analipia hewa. Na bomba likiwa halina presha, kila ufa unavuta kutoka nje badala ya kutoa. Bomba linalopita ndani ya mtaro litavuta maji ya mtaro. Ndiyo sababu maji ya kwanza baada ya mgao hutoka machafu na kila ploti inayamwaga kwa dakika kadhaa kabla ya kukinga. Zidisha hayo kwa ploti zote za Kayole.

Tena kuna kutafuta uvujaji. Kazi hii hufanywa usiku wa manane. Watu wamelala, mifereji imefungwa. Kama mita ya eneo bado inaonyesha maji yanaingia kwa wingi, basi kuna mahali yanatokea. Unachukua fimbo ya chuma, unaisimamisha juu ya vali, unaweka sikio. Bomba linalovuja lina mlio wake, ukiuzoea huukosei. Lakini mtaa wenye mgao haupimiki hivyo, kwa sababu maji yakija usiku ndipo watu wote wanaamka kujaza matangi. Huwezi kujua kipi ni tangi na kipi ni ufa. Kwa hiyo mgao unazalisha uvujaji, kisha unauficha.

Mhandisi wa maji

Ndugu fundi, hayo uliyosema ni kweli tupu na ningependa kila diwani ayasome. Lakini hesabu ya mwanzisha mada ina pengo. Maji yasiyolipiwa si yale yanayomwagika peke yake. Sehemu yake yanavuja, sehemu yanaibwa, sehemu yanapita kwenye mita zilizochoka zisizosoma sawasawa. Maji yaliyoibwa yamenywewa na mtu, yamepikiwa, yamefuliwa. Ukimkamata mwizi umepata pesa, hujapata maji mapya. Kusema tutapata lita milioni 260 kwa kuziba mabomba ni kuwaahidi watu kisichokuwepo.

Sensa ya 2019 iliwakuta Nairobi watu milioni 4.4. Na mvua sasa haina utaratibu: kati ya 2020 na 2022 misimu mitano mfululizo ilikosa katika sehemu kubwa za nchi, kisha Aprili na Mei 2024 Nairobi ikafurika, watu wakafa Mathare. Mvua inayokuja kwa fujo hivi inahitaji mahali pa kuwekwa. Bila hifadhi, mafuriko yanashuka na mto Athi hadi Bahari ya Hindi, na miezi michache baadaye tunalia kiu. Mabwawa kama Karimenu II kule Gatundu, lililojengwa kutoa lita milioni 70 kwa siku kwa Ruiru, Juja na sehemu za jiji, ndiyo jibu la aina hiyo. Bwawa haliamriwi leo likajaa kesho. Kuna fidia, kesi, mikopo. Tukingoja kumaliza kuziba kwanza, tutakuwa tumechelewa.

Mwenye ploti, Roysambu

Mbona hakuna anayetaja visima? Mimi nilichimba changu, wapangaji wangu hawajui mgao.

Mhandisi wa maji

Mzee wangu, kisima chako ni halali kama una kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na sikulaumu. Ila maji ya chini ya Nairobi yanashuka mwaka hadi mwaka, kila anayechimba anakwenda chini kuliko jirani yake. Na miamba yetu ya volkano ina madini ya floraidi; visima vingi vinapita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Peleka maji yako yakapimwe, hasa kama kuna watoto wadogo hapo.

Mama wa Mukuru kwa Reuben

Nimesoma yote. Naona mnazungumza kama vile shida imetugawia sote sawa.

Mwaka 2018 Cape Town ilipokaribia kuishiwa, watu waliambiwa wasizidishe lita 50 kila mmoja kwa siku, na dunia nzima ikawahurumia. Lita 50 ni mitungi miwili na nusu ya lita 20. Sisi ni watano nyumbani, ingekuwa mitungi zaidi ya kumi na miwili kila siku. Sijawahi kununua mingi hivyo kwa siku. Ukiniambia nipunguze matumizi kwa sababu ya tabianchi, nipunguze wapi?

Mathare waliwekewa mashine za maji za kadi mwaka 2015, mtungi wa lita 20 kwa senti 50. Mchuuzi anauza mara kadhaa ya hapo, na mifereji ikikauka anaongeza tena. Kwa hiyo mhandisi, yale unayoita maji ya wizi mengi yanatufikia sisi, kwa bei inayozidi ya Kileleshwa, mtaa wa wenye nacho. Yakirudi kwenye bomba halali lenye mita, mimi nitalipa kidogo na kampuni itapata pesa ambayo sasa inakwenda kwa kateli, magenge yanayouza maji. Hayo nayo ni maji mapya kwangu.

Mkazi wa Umoja (mwanzisha mada)

Mama amesema vizuri kuliko nilivyoanza. Katiba, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi ya kutosha. Haikusema haki hiyo ni ya aliye karibu na bomba kuu.

Mhandisi, nakubaliana nawe kuwa mvua ya fujo inahitaji hifadhi. Lakini hata hifadhi hupigwa: mwaka 2003 mvua kubwa iliharibu Sasumua na bwawa likafanya kazi chini ya uwezo wake kwa miaka. Bwawa lina hatari zake, sawa na bomba. Na kuna chanzo ambacho hakingoji wingu la Aberdare, nacho kinapita chini ya miguu yetu. Windhoek, mji mkuu wa Namibia, wanasafisha majitaka hadi yanakuwa ya kunywa tangu 1968. Sisi hatuhitaji kuanzia huko. Majitaka ya jiji yanashuka hadi mabwawa ya majitaka ya Ruai. Yakisafishwa vya kutosha kwa viwanda, ujenzi na bustani, maji ya Ndakaini yanayotumika huko leo yanabaki kwa ajili ya watu.

Kwa hiyo nakuuliza wewe uliye ndani ya sekta. Mkopo ujao wa bwawa ukiletwa mezani, uwekewe sharti: kila mtaa uwe na mita yake ya kuingilia, na takwimu za kilichoingia na kilicholipiwa zichapishwe kila mwezi, mtaa kwa mtaa, kabla ya pesa ya zege kutolewa. Fundi ajue pa kusikiliza, mama wa Mukuru ajue kinachoingia kwao, na Gatanga wajue kinachotoka kwao. Sharti hilo utaliunga mkono au utalipinga?